Ubora Hupotea Njiani: Video za Kibera na Kawangware Zinapohama Programu

Katika vibanda vya video vya Kawangware na Kibera, filamu ya Hollywood iliyosimuliwa upya kwa sauti ya msimulizi DJ Afro huenda imenakiliwa mara nyingi kabla ya kufika kwenye skrini iliyo mbele ya mabenchi. Nyuso zimekuwa madoadoa, rangi nyekundu imevuja nje ya mipaka yake, na giza la usiku limekatika vipande vya mraba. Hakuna anayelalamika, watu wamelipia hadithi na kicheko, na wamevipata. Wala filamu yenyewe haijapata hasara yoyote, kwa kuwa nakala safi imelala salama kwenye ghala la studio huko Marekani. Sasa chukua klipu iliyorekodiwa kwa simu Julai 2018, matingatinga yalipobomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Klipu hiyo ikipitishwa mkono kwa mkono vivyo hivyo, hakuna studio popote yenye nakala safi. Iliyobaki mkononi ndiyo iliyobaki duniani. Kwa sababu hiyo, suala la kuhamisha video kutoka programu moja ya uhariri hadi nyingine si la kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Swali kwa kawaida huulizwa hivi: kazi imeanzwa kwenye Final Cut Pro na inatakiwa imalizwe kwenye Premiere Pro, au imekatwa kwenye simu na sasa inataka kuingia DaVinci Resolve, ni kitu gani kitakachoigeuza bila kuharibu picha? Anayeuliza hivyo ameshakubali kwamba lazima picha igeuzwe, na mara nyingi si lazima. Ninachodai hapa ni kwamba ubora haupotei kwa sababu programu mbili hazielewani. Hupotea kwenye makabidhiano, pale mtu mwenye haraka anapotafuta njia ya mkato ya kuzipatanisha. Ndani ya kile tunachokiita “video” mna vitu vitatu: picha yenyewe iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani kanuni ya kuibana na kuifungua; mfuko unaoibeba picha hiyo pamoja na sauti yake; na maamuzi ya mhariri, yaani akate wapi, aunganishe wapi, ashushe sauti wapi. Kila kimoja kina namna yake ya kusafiri. Fujo huanza vitatu vikitendewa kama kimoja.

Tuanze na mfuko, kwa kuwa hapo ndipo hofu ni kubwa na hatari ni ndogo. Faili yenye jina linaloishia na MOV, MP4, AVI au MTS imetaja mfuko tu. Haijasema lolote la uhakika kuhusu kilichomo. Ukihamisha unga kutoka pakiti ya karatasi hadi kwenye kopo, unga haubadiliki hata chembe. Ndivyo ilivyo kwa video. Kamera nyingi ndogo za Sony na Panasonic zilizofuata mpango wa AVCHD wa 2006 hutoa faili za MTS ambazo programu fulani huzikataa mlangoni, ilhali ndani yake mna kodeki ileile ya H.264 iliyomo kwenye MP4 ya simu. Zana ya bure ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, inaweza kuamriwa inakili mkondo wa picha kama ulivyo na kuutia kwenye mfuko mpya. Kazi hiyo huenda kwa kasi ya diski, si kwa kasi ya prosesa, na picha inayotoka ni ileile biti kwa biti. Kinyume chake ni kuifungua picha na kuibana upya kwa kodeki nyingine au hata kodeki ileile. Hapo umeshasonga ugali, na ugali haurudi kuwa unga.

Ubanaji unachokula kinafaa kuonekana kwa macho, na mitaa hii miwili ni mahali pazuri pa kukiona. Simama sehemu ya juu ya Kibera saa sita mchana na uelekeze simu kwenye mapaa. Kila bati lina mistari myembamba sambamba, kila mstari una upande wa mwanga na upande wa kivuli, na juu ya mabati hayo nyaya za stima zimepishana kama nyuzi za fundi cherehani. Picha kama hiyo ni ngumu sana kubana. H.264 hugawanya fremu katika vipande vya mraba na kutupa kile inachokadiria kwamba jicho halitagundua kimekosekana; mistari ya bati ndiyo ya kwanza kutupwa. Tena simu hurekodi rangi kwa pungufu kuliko mwanga: kwenye fremu ya nukta 1920 kwa 1080, rangi huhifadhiwa kwa nukta 960 kwa 540 tu. Nakala ya kwanza bado inapendeza. Ukiibana tena, kodeki haijui ni mistari ipi ya kweli na ipi ni makovu ya ubanaji uliopita, basi hutumia nafasi yake finyu kuhifadhi makovu. Ya tatu, mapaa yanakuwa uji wa kijivu. Ndani ya chumba chenye taa moja hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa vivuli vina viwango vichache vya mwanga na kila mbano huvipunguza, mpaka ukuta laini unaota ngazi.

Sasa fuata kadi moja ya memori. Kijana amerekodi mkutano wa hadhara Kawangware kwa kamera ya AVCHD ya mtumba. Ndani ya kadi mna folda iitwayo PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, na ndani kabisa STREAM yenye faili 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Mwenye kunakili kwa haraka huchukua zile MTS peke yake na kuacha folda nyingine, akidhani ni takataka. Kumbe ndizo zinazoieleza programu kwamba rekodi ndefu imekatwa vipande kwa sababu ya mipaka ya ukubwa wa faili kwenye kadi, na kwamba vipande hivyo ni kitu kimoja. Zikikosekana, huenda sauti ikaruka kidogo kwenye kila kiungo, na mhariri wa upande wa pili akaamua kugeuza kila kitu upya ili apate amani. Au kijana mwenyewe, akiona laptopu ya mwenzake wa Kibera haizifungui, hutuma klipu kwa WhatsApp. Hesabu ni rahisi. Video ya dakika 3 kwa megabiti 17 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha simu kwa picha ya 1080, ni takriban megabaiti 380. WhatsApp kwa miaka mingi iliibana video mpaka iingie kwenye megabaiti 16. Katika kila sehemu 24 za habari, 23 zimeachwa barabarani, ilhali mitaa hiyo imetenganishwa na nauli ya matatu tu. Programu ileile hupokea faili kama hati bila kuigusa, na tangu 2022 hati hiyo inaweza kufika gigabaiti 2. Tofauti ni kitufe kimoja.

Kuna mwaka mmoja unaofundisha mengi, nao ni 2011. Mradi wa Map Kibera ulianza 2009 kwa kuchora ramani ya mtaa ambao ramani rasmi ziliuacha karibu tupu, na mwaka 2010 ukazaa Kibera News Network, kundi la vijana waliotangaza habari za mtaa wao kwa video fupi kupitia YouTube. Walianza na kamera ndogo za Flip, zenye kitufe kimoja chekundu na ubapa wa kuingia mfukoni. Aprili 2011 kampuni ya Cisco, iliyokuwa imeinunua Flip miaka miwili tu kabla, ikaifunga. Juni mwaka huohuo Apple ikatoa Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya kutoka msingi, na programu hiyo mpya haikuweza kufungua kazi zilizofanywa kwenye Final Cut Pro 7 ya kampuni ileile. Yaani kwa miezi mitatu kamera ilikufa na mojawapo ya programu kubwa za uhariri duniani ikawakana watoto wake. Angalia kilichonusurika. Klipu za H.264, kodeki ambayo kanuni zake zilichapishwa 2003 na kila mtengenezaji anazifuata, zilibaki zikifunguka kila mahali. Kilichokwama ni maamuzi ya wahariri: mikato, mpangilio, majina ya watu chini ya skrini. Mwanzoni mwa 2012 ikapatikana zana ndogo iitwayo 7toX ya kuvusha kazi za zamani, lakini haikutoka Apple, na ilikuwa ya kununuliwa.

Kwa hiyo maamuzi ya mhariri ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, nayo haina uhusiano wowote na ubora wa picha. Taimulaini ni orodha tu: chukua faili hii, kuanzia sekunde hii hadi hii, iweke hapa. Orodha hizo zina lugha zake. Ya kale zaidi inayotumika bado, EDL, inabeba mstari mmoja wa picha na mikato ya kawaida. Ni kama barua ya simu ya zamani, maneno machache lakini kila mtu anaisoma. AAF ni ya ulimwengu wa programu za Avid na wahariri wa sauti. XML ya Final Cut Pro 7 bado inasomwa na Premiere Pro, lakini XML ya Final Cut Pro mpya ni lahaja nyingine ambayo Premiere Pro haiifahamu. Hapa DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure, hufanya kazi ya mkalimani: inasoma lahaja zote mbili na EDL na AAF, kisha inatoa kwa lahaja nyingine. Kinachosafiri ni mikato, mpangilio, na kwa bahati nzuri mfifio wa kawaida. Maandishi, rangi, madoido na mchanganyiko wa sauti mara nyingi hubaki nyuma au hufika vimepinda. Mhariri mwenye busara hutuma pamoja na orodha video moja nyepesi ya kazi nzima, iliyoandikwa saa na fremu juu yake, ili wa upande wa pili alinganishe jicho kwa jicho. Video hiyo haitumiki kwenye kazi, ni kielelezo. Programu nyingi za simu hazitoi orodha yoyote, na hapo njia pekee ya uaminifu ni kurudi kwenye klipu asilia na kukata upya kwa kufuata kielelezo. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa video ya dakika tatu haizidi alasiri moja.

Zipo hali ambazo kugeuza hakuepukiki: kompyuta inashindwa kucheza H.265 ya simu mpya, au programu inaikataa kodeki kabisa. Wataalamu hujibu kwa kodeki za kati, ProRes ya Apple ya 2007 au DNxHD ya Avid, ambazo hazibani kwa ukali na hivyo huvumilia kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kwa miaka mingi hizi nazo zilikuwa ukuta: ProRes iliandikwa rasmi kwenye Mac, na mwenye Windows aliisoma tu, mpaka Desemba 2018 Adobe, yenye Premiere Pro, ilipopewa ruhusa ya kuiandika pande zote. Siku hizi mlango uko wazi. Pingamizi linalokuja hapa ni zito, na sitaki kulipuuza. Saa moja ya simu kwa megabiti 17 ni chini kidogo ya gigabaiti 8. Saa hiyohiyo kwa ProRes 422 ya fremu 25 ni takriban gigabaiti 55. Kundi lenye laptopu moja ya ex-UK na diski ya nje iliyojaa nusu haliwezi kuzidisha mizigo yake mara saba, na stima ikikatika katikati ya kugeuza, kazi inaanza upya.

Pingamizi hilo ni la kweli, ila linapinga jambo ambalo halikupasa kufanywa. Kugeuza kila kitu kwenda ProRes ni desturi ya studio zenye diski nyingi, na kuiga desturi hiyo bila diski ni kujitafutia madeni. Mwenye nafasi ndogo afanye kinyume: ahifadhi asilia kama zilivyotoka kwenye kadi, atengeneze nakala za kukatia tu, nyepesi kwa kompyuta kuzicheza hata kama si ndogo kwenye diski, na mwishoni programu iziweke asilia mahali pa nakala hizo. Premiere Pro, Resolve na Final Cut Pro zote zinaweza hilo. Nakala nyepesi za ProRes Proxy huchukua takriban gigabaiti 17 kwa saa kwa ukubwa kamili, na ukizipunguza vipimo zinashuka zaidi. Kazi ikiisha zinafutwa bila majuto. Ikiwa lazima kodeki ya kati itumike, igeuzwe sehemu iliyoingia kwenye kazi pamoja na sekunde chache za kila upande, si saa sita za mkutano ambazo dakika nne tu zimetumika. Sharti moja tu halina nafuu: majina ya faili asilia yasibadilishwe. Orodha ya mhariri hutafuta faili kwa jina, na aliyebadilisha 00003.MTS kuwa “chifu akiongea mpya kabisa” amekata kamba yenyewe.

Kuna wizi mwingine usiosemwa sana, nao ni wa wakati. Kenya ilirithi mfumo wa televisheni wa PAL wa fremu 25 kwa sekunde, na stima yetu hutetemeka mara 50. Simu na kamera kama Flip hurekodi fremu 30. Ukiziingiza kwenye taimulaini ya 25, programu hutupa fremu moja katika kila sita, na treni inayopita katikati ya Kibera inaanza kuchechemea. Mbaya zaidi, simu hazishiki hata hiyo 30 kwa uthabiti. Gizani hupunguza fremu zenyewe, na programu isiyojua hilo huiacha sauti itangulie midomo kidogo kidogo. Premiere Pro yenyewe ilichelewa kulishughulikia jambo hilo. Dawa ni kuchagua kasi moja kabla ya mkato wa kwanza, na ikiwa karibu kila kitu kimetoka kwenye simu, 30 ni chaguo la heshima. Intaneti haina habari na PAL.

Wako watakaosema kwamba yote haya yangekwisha kama kila kundi lingetumia programu moja. Kwa kazi ya wiki moja, ni kweli, na anayeweza afanye hivyo. Kama sera ya miaka haisimami. Aliyefunzwa kwenye Kibera Film School, aliyejifunza mwenyewe kwa simu, na mfadhili anayetaka kumalizia kazi ng'ambo hawatakutana kwenye programu moja kwa amri ya mtu. Hata wakikutana, wenye programu hawako chini ya amri yao: Adobe ilihamia malipo ya kila mwezi mwaka 2013, na yaliyotokea 2011 yaliwakuta waliokuwa waaminifu kwa Apple kuliko wote. Anayefunga kazi yake yote kwenye programu moja amekuwa mpangaji kwenye kumbukumbu zake mwenyewe, na kodi hupanda bila notisi.

Pingamizi la mwisho ndilo la kibanda cha video. Mtazamaji yuko kwenye simu ya inchi sita, bando linahesabika, YouTube itabana tena upende usipende. Basi mabati yakiwa uji, nani atajua? Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Kubana mara moja kwa H.264 yenye megabiti za kutosha hakuonekani kwa jicho la kawaida, na fundi anayekataa kabisa kufanya hivyo anajitesa kwa ajili ya dini yake mwenyewe. Shida ni kwamba haiwi mara moja. YouTube ikiwa ya tano kwenye foleni badala ya kuwa ya pili, hata simu ya inchi sita inaona. Na mtazamaji wa leo si mtazamaji pekee. Kibera imekuwa ikijirekodi na kurekodiwa kwa muda sasa: *Kibera Kid* ya 2006, *Soul Boy* ya Hawa Essuman na *Togetherness Supreme* za 2010, na klipu nyingi zisizo na majina ya kishujaa, za kampeni, za moto, za matanga. Mwanasheria anayetaka kusoma nambari kwenye ubavu wa gari, mtoto wa shule iliyobomolewa anayetaka kuuona mlango wake, mtengeneza filamu wa kesho anayetaka fremu moja tu: hao hawatasaidiwa na nakala iliyopita WhatsApp mara tatu.

Kwa makundi ya Kibera na Kawangware, basi, uamuzi ni mwepesi kuliko kelele zinazouzunguka. Nakili kadi nzima pamoja na folda zake kabla ya kuifuta, diski mbili tofauti, nyumba mbili tofauti. Hamisha mfuko usipolazimika kugeuza picha. Geuza mara moja tu ukilazimika. Na unapoipeleka kazi programu nyingine, peleka orodha, asilia na kielelezo, si video iliyomalizwa. Klipu ya H.264 iliyorekodiwa Kibera mwaka 2010 inafunguka leo kwenye simu yoyote inayouzwa Ngong Road. Kazi ya Final Cut Pro 7 iliyofanywa mwaka huohuo inahitaji Mac kuukuu iliyokataa kufa, au zana ya kuivusha.